Hitima Imekwisha, Mama

Mwezi uliopita nilikuwa saluni hapa Dunda, kichwa mikononi mwa msusi, televisheni inapiga kelele ukutani. Kipindi cha wajasiriamali. Unavijua vipindi hivyo, rafiki yangu: muziki wa huzuni kidogo, mtu anafuta chozi, mtangazaji anauliza siri ya mafanikio, na jibu ni lile lile, nilithubutu. Mjasiriamali wa kwenye televisheni hana bibi, hana jirani, hajawahi kuazima hata kiberiti.

Mara nikamwona jirani yetu wa zamani. Amenenepa, amejitanda mtandio wa bei, kasimama ndani ya mgahawa wake wa vitumbua huko Chalinze. "Nilianza peke yangu," akasema. "Na hiki ndicho kikaango cha kwanza nilichonunua kwa jasho langu." Akakishusha ukutani, akakigeuzageuza mbele ya kamera. Chini ya kikaango nikaona mwezi mwandamo uliogongwa kwa msumari.

Msusi akaacha kusuka. "Khaa! Si alama ya bibi yako ile?"

Mtaa mzima uliijua. Zamani zile hakuna aliyekodi vyombo. Kukiwa na arusi au hitima, masufuria yalitoka kila nyumba, na ili yasipotee kila mwenyewe alitia alama yake chini: huyu rangi ya kucha, yule herufi. Bibi alitumia msumari na jiwe. Mimi ndiye niliyemshikia kikaango akigonga, meno yananitetema, nacheka.

Ah, asubuhi zetu! Mchele uliolowekwa ukatwangwa ulikuwa umeshaumuka, unanukia iliki na tui. Kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa. Kitumbua kilichoharibika kilikuwa changu, nami nilikiombea kiharibike. Wateja waliita barazani kabla jua halijatoka, mabakuli mkononi. Na jirani alikuwepo jikoni kila siku, kwenye kigoda chetu, anatazama. Bibi hakumficha kitu.

Siku moja akaja kuazima kikaango kwa ajili ya hitima ya mjomba wake. Hitima ikapita, kikaango hakikurudi. Tulipokwenda kumuulizia tukakuta kufuli mlangoni. Amehama.

Bibi alijaribu kikaango kingine, vitumbua vikanata, akaacha biashara. Nilimwona barazani akiwarudisha wateja na mabakuli yao matupu, anawaomba radhi yeye, aliyeibiwa. Nikamwambia amwapize yule mwanamke. "Cha mtu hurudi kwa mwenyewe, mjukuu wangu," akasema, "na chombo hakirudi kitupu." Alikufa akikisubiri.

Basi kesho yake nikapanda basi hadi Chalinze. Mgahawa ulikuwa umefurika abiria, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa sauti ya kusikika.

"Marahaba, mwanangu. Nikupe vingapi?"

"Mie mjukuu wa yule bibi wa vitumbua, Dunda. Hitima imekwisha, mama. Nimefuata chombo chetu."

Watu wakaacha kutafuna. Alikishusha mwenyewe mbele ya wateja wake, nami nikafurahi kuliona hilo. Nikakigeuza, nikawaonyesha abiria ile alama na kuwaeleza aliyeigonga. Sikuona haya hata chembe. "Na chombo hakirudi kitupu," nikamkumbusha. Akanijazia vitumbua vya moto bila kuniangalia.

Nilikula kimoja pale kituoni. Nilikuwa nimejiandaa kukitema. Kumbe kilikuwa cha bibi: iliki ile ile, ukingo ule ule mkavu, katikati laini. Nililia kwa hasira mbele za watu.

Sasa kikaango kinaning'inia jikoni kwangu. Huku mtaani hakuna tena wanaoazimana vyombo. Vya arusi huletwa na gari, sahani zote sawa, hazina alama ya mtu. Nimejaribu kupika mara nyingi. Ama vinanata, ama vinakuwa vizito. Mimi nilikuwa napepea mkaa tu. Aliyekuwa akiutazama mkono wa bibi ni yule.

Bibi angemsamehe, tena kikaango angemwachia. Mimi nimemnyang'anya, na mapishi ya bibi yangu yamebaki kwake, anawauzia wapita njia. Hilo simsamehe mpaka siku ya kiama.