Nilivyofuta Sauti ya Bibi Nikimtafutia Fundi Kosa

Nimemwita mtu mwizi mbele ya grupu zima, na mtu huyo hakuwa na kosa. Mwizi ni mimi. Nimemwibia mtoto ambaye hata meno hajaota. Msinihurumie, someni tu.

Naishi Musoma, chumba cha kupanga kinachotazama ziwa. Naandika riwaya. Ndiyo, mimi ni mmoja wa wale vijana wanaojiona walizaliwa na kalamu mkononi, wakiongea kila mtu anyamaze.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akiishi Butiama. Kabla hajafa, mdogo wangu Nyabwire alikaa naye msimu mzima wa mavuno akimrekodi kwa simu: nyimbo, magomvi ya zamani, na majina. Kwenye ukoo wetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Anarithi la mtu aliyetangulia, na Bibi ndiye alikuwa wa mwisho kujua nani hajarithiwa bado.

Siku moja akamwambia Nyabwire, "Acha hiyo simu hapa mkekani, wewe toka nje. Nataka kumtajia jina mtoto wako wa kwanza, na hili si la masikio yako mpaka uzae."

Nyabwire akatoka. Bibi akaongea peke yake na simu. Wiki chache baadaye tukamzika.

Nyabwire hakuisikiliza ile rekodi. Mimi pia sikuisikiliza. Laiti ningekuwa na umbea kidogo tu! Heshima pekee niliyowahi kuwa nayo ndiyo iliyotumaliza.

Simu yake ilipojaa, nilimwambia kwa mbwembwe, "Nitumie zote, halafu futa. Mimi nina seva."

Akafuta. Aliniamini, maskini.

Hiyo seva ilikuwa kompyuta ya ofisi iliyochoka, nikaifungua kwa bisibisi na kuipachika diski mbili. Ndogo ilikuwa yangu ya siku nyingi. Kubwa, iliyokwisha kutumika, niliinunua kwa fundi mmoja wa Bunda, nimwite Masatu, ambalo si jina lake. Sauti zote nikaziweka kwenye ile kubwa. Nakala nilipanga ziende kwenye ndogo kila alfajiri. Uvivu ukanishika, nikaianzisha hiyo kazi miezi mingi baadaye.

Mbele ya mashine nikafunga feni yenye taa za bluu, niliyoinunua kwa Masatu huyo huyo, nikaielekeza dirishani. Nilipenda ule ubluu ukicheza kwenye kioo, nyuma yake ziwa, mbele yake mimi naandika. Ujinga mtupu!

Ikafika siku diski kubwa ikaanza kupotea. Nawasha, ipo. Baada ya muda, haipo. Nazima, naenda kula, narudi nawasha, ipo. Nikabadilisha waya. Nikahamisha tundu. Ikapotea tena. Nikampigia Masatu.

"Ukizima ikapoa, inarudi?" akaniuliza.

"Inarudi. Umeniuzia diski mfu."

"Mfu harudigi, kaka. Hilo ni joto. Mashine umeiweka wapi?"

"Dirishani."

"Dirisha la ziwani? Na ile feni yako ya disko?" Akacheka mpaka akakohoa. "Bwana mwandishi, wadudu wa ziwani wanapendaga taa kuliko wewe unavyopenda maneno yako. Fungua usafishe feni. Na hizo diski usizibonyezebonyeze. Niletee Bunda."

Kila mtu wa Musoma anawajua hao wadudu. Wanainuka majini kama moshi, wanafuata mwanga wowote, asubuhi unawafagia. Nami nimekulia humo humo! Lakini sikusikia habari ya wadudu. Nilisikia kicheko. Mtu wa bisibisi ananicheka mimi!

Nikaingia kwenye grupu letu la wapenda kompyuta wa mkoa wa Mara, nikaandika aya nne tamu, kila sentensi ina sumu. Tapeli. Mwizi. Muuza maiti. Watu wakafurahi. "Mchape huyo!" "Mwandishi hajaribiwi!" Masatu akajibu mstari mmoja: "Kaka, niletee mashine. Usinichafulie jina, ndilo duka langu."

Mmoja akaandika, "Ushahidi uko wapi?"

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Nilitaka ushahidi, picha ya skrini iliyojaa alama nyekundu za ubovu, nimfunge mdomo. Nikaichomoa diski kubwa, nikaichomeka kwenye kompyuta ya mkononi juu ya meza, penye upepo. Nikafungua programu ya kupimia. Kulikuwa na kipimo kifupi, na kipimo kizito kinachoandika juu ya diski yote ili kutafuta ubovu. Onyo likatokea: kila kilichomo kitafutika.

Nililisoma. Msiseme sikulisoma! Nikafungua diski ndogo, nikaona mafaili ya Bibi yamejipanga, moja chini ya jingine. Nakala ipo, nikasema. Nikabonyeza ndiyo.

Kipimo kilikula siku mbili. Jibu likatoka: diski nzima, hakuna kosa. Mnajua nilihisi nini? Hasira! Nilikasirika kwamba kitu changu hakijaharibika. Nikanyamaza kwenye grupu kama mtu aliyesafiri.

Wiki ile ile Nyabwire akapiga simu akiwa Butiama. "Kaka, ni wa kike! Kina mama wanakusanyika Jumamosi kumpa jina. Njoo na sauti ya Bibi."

Nikafungua diski ndogo, nikabofya rekodi ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Nikaangalia ukubwa wa mafaili: sifuri, sifuri, sifuri. Programu ya nakala ilikuwa inaandika kwanza majina ya mafaili, ndipo imimine sauti. Na kwa kuwa niliianzisha feni ikiwa imeshaziba, kila alfajiri, kabla haijamimina, mashine ilishapata joto na diski kubwa ikapotea. Nilikuwa nimetunza majina ya mafaili, basi.

Nikapanda basi la Bunda na mashine mapajani.

Masatu hakunisalimia. Aliing'oa feni, akaigonga mezani. Likadondoka bonge jeusi la wadudu waliokaukiana, linanuka kama dagaa walionyeshewa. Nikamweleza kile kipimo, akaichomeka diski na kuikagua.

"Ungefuta tu, ningejaribu," akasema. "Wewe umeandika juu yake yote. Hapa hakuna cha kuokota."

"Nisamehe, fundi."

"Humu dukani sitaki msamaha. Ulinitukania wapi?"

"Kwenye grupu."

"Kaseme huko huko. Sasa toka, una watu wanakusubiri."

Nikasema kwenye grupu, nikiwa stendi. Wale wale waliosema nimchape wakanichapa mimi. Sawa kabisa.

Jumamosi, uani kwa Bibi, kina mama wamekaa kwenye mikeka, mtoto amefunikwa kitenge. Nyabwire akanitazama mikononi. "Kaka, spika iko wapi?"

Nikawaeleza. Shangazi yangu mmoja akaguna, akageuza uso. Nyabwire hakulia. Afadhali angelia.

"Miezi yote ile simu ilikuwa mkononi mwangu," akasema. "Nilikuwa naitamani ile sauti, najizuia. Wewe ukasema futa."

"Nyabwire..."

"Wewe si mwandishi? Si unajua maneno? Mtajie mtoto jina. Tunga!"

Wote wakanigeukia, wakasubiri. Nikafungua mdomo. Halikutoka hata jina moja.

Nimeandika haya kwa sababu yako wewe unayejiona fundi kwa kuwa una bisibisi. Kasafishe feni yako leo. Nakala zako usizitazame kwa macho, zifungue, zicheze, uzisikie mpaka mwisho. Na kama umeudhiwa na mtu, usiguse mashine siku hiyo! Kaa mbali, kalale, kaoge ziwani.

Mimi nilikaa nayo nikiwa nimevimba, kidole juu ya kitufe. Kanisani wamempa jina la ubatizo, lakini uani kwa Bibi hakuna anayelitumia. Wanamwita Mtoto. Na mimi nikipiga simu kumuulizia huyo Mtoto, Nyabwire anajibu, "Nani?", halafu anasubiri nitaje jina.