Ndaya wa Taa ya Kobalti

Katika maabara ya mgodi pale Kolwezi, hakuna aliyemharakisha Ndaya akafanikiwa. Kazi yake ilikuwa kupima kobalti: udongo unayeyushwa kwa asidi, maji yake yanapuliziwa ndani ya moto, na taa ya kobalti inamulika katikati. Atomu ya kobalti humeza nuru ya taa hiyo ; ingekuwa nuru ya taa ya shaba, ingeiacha ipite zake. Mwanga ukipungua upande wa pili, basi kobalti imo. Ila taa ikiwashwa huyumba kwanza, na Ndaya hakusoma namba mpaka itulie. Wakubwa wabishe hodi wapendavyo, yeye anafuma sweta. Haraka haraka haina baraka.

Mwaka 1993 watu wenye asili ya mkoa jirani wa Kasai walipofukuzwa mjini, Ndaya, mzaliwa wa Kolwezi, aliambiwa arudi kwao, mahali asipopajua hata kwa picha. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi wenye mapanga. Mumewe, Mukalay, alikuwa Mkatanga wa kaskazini, dereva asiye na maneno mengi. Ndugu zake walimsihi amwache mke aende, watamtafutia mwingine. Mukalay akabeba magodoro hadi stesheni, wakalala hapo na binti yao Falonne, wakingoja treni pamoja na umati.

Treni ilipofika, Mukalay hakuwepo. Alikuwa ametoka alfajiri bila kuaga. Ndaya alimwekea nafasi ndani ya behewa, akaangaza macho kidogo, kisha akakata shauri: ndugu zake wamemshinda. Moyo ulimuuma hata machozi yakagoma. Nafasi ile akampa bibi kizee aliyehangaika mlangoni. Mama huyu aliyewangojesha mainjinia kwa ajili ya taa, hakumngoja mumewe hata kidogo!

Behewa lilipoanza kutikisika, Mukalay akaingia kwa kusukumana, mfuko wa unga begani.

"Mama Falonne, fasi yangu iko wapi?"

"Nilimupatia huyu mama. Niliwaza umebakia na bandugu yako."

"Nibakie na nani kule? Nilienda kutafuta bunga."

Aibu ikampanda Ndaya, na furaha ikaipita aibu. Bibi kizee alitaka kuinuka, wakamkatalia. Ndaya ndiye aliyeinuka, akamlaza Falonne pale alipokuwa ameketi, akasimama kando ya mumewe. Walisimama hivyo, stesheni ya Tenke ikapita, ya Kamina ikapita, mpaka Mwene-Ditu kule Kasai, miguu imewavimba. Hadi leo Ndaya anasema hajawahi kusafiri vizuri kama safari ile.