Akipona ni Sindano, Akifa ni Mungu

Amefariki daktari wa watoto tuliyekuwa naye hapa Chake Chake miaka mingi, na tangu mazikoni nasikia sifa tupu. Wanasema mkono wake ulikuwa na baraka. Wapo waliofika kumwita walii. Kumsema maiti si adabu, najua, lakini nyinyi mnaonisoma mmeshanizoea. Namwombea maghufira kama ninavyomwombea kila Mwislamu. Kumpenda, sikumpenda.

Tulikutana wodini nilipokuwa nikimuuguza mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja wa Ole na binti yake mdogo, aliyekwisha damu kwa malaria mpaka viganja vimekuwa vyeupe. Mama yule alikuja na kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani, akawa anamlowesha mtoto midomo. Daktari alimpokonya kikombe akakimwaga sinkini mbele yetu sote. "Hapa hakuna miujiza, Bi. Hapa pana dawa." Siku ileile mpwa wangu alifumbua macho akaomba uji, na dada yangu akapiga takbiri kwamba ameona muujiza. Daktari hakumwachia hata furaha hiyo. "Muujiza gani? Ni sindano zangu hizo."

Kesho yake binti wa Ole akafa. Daktari alikuja na sauti laini ambayo hatujapata kuisikia kwake. "Pole, Bi. Mungu kapenda."

Yule mama alimtazama, mtoto bado yumo mapajani mwake. "Weye daktari! Akipona ni sindano zako, akifa ni Mungu? Jana dua yangu umeimwaga, leo huyo Mungu umemkumbukia wapi?"

Daktari akajifunga vifungo vya koti, akahamia kitanda kingine.

Baada ya muda nilikaa naye sinia moja kwenye harusi Mtambile, nikamuuliza kwa nini hakumjibu. Alitafuna kwanza, akameza. "Ningemjibu nini? Damu ilikuwapo. Nilidhani mtoto atastahimili, nikachelewa kuagiza aongezwe. Nikianza kuwaambia hayo, nani ataleta mtoto hospitali? Watu lazima watuamini." Kisha akaomba asogezewe achari.

Mimi naamini kadari, na siku ya mtu ikifika imefika. Ninachokataa ni daktari kuigeuza kadari pazia la kujifichia. Wanaotibu watoto huona mambo yanayowashinda hata wao: aliyekatiwa tamaa akaamka, aliyekuwa akicheza akazimika. Wapo wanaokiri hawajui, na wapo wanaomwomba Mungu kimoyomoyo huku wakichoma sindano. Hao nawaheshimu. Huyu wetu alimfukuza Mungu wodini kukiwa na sifa ya kuchukua, akamwita arudi palipokuwa na lawama ya kubeba. Halafu akaniambia ni kwa ajili ya imani ya watu!

Nilikwenda Ole. Nilimkuta yule mama akianika karafuu uani, nikamweleza yote niliyoyasikia. Nilitarajia atapiga ukelele, au atanifukuza. Aliufuta mkeka kwa kiganja, polepole, akauliza, "Kwa hivyo ilikuwapo damu?"

"Ilikuwapo, Bi."

Akalia. Alipotulia akaniambia kwamba tangu msiba ule alikuwa akiswali kwa woga. Alidhani dua yake ilikuwa na kasoro, au kombe lile lilimkera Mola, ndiyo maana mtoto wa kitanda cha jirani akapewa uhai na wa kwake akanyimwa. "Miye nilikuwa n'namwogopa Mungu wangu," alisema, "kumbe ni mtu tu aliyechelewa."

Basi enyi madaktari mliobaki, msihofu kwamba ukweli utatupotezea imani. Mkikosea, semeni mmekosea. Mzazi aliyezika anaweza kuishi na kosa la mwanadamu. Msimwache aishi akidhani amechukiwa na Muumba wake.