Beji ya Ummu Fulani

Nilipoanza kufundisha Kiingereza Riyadh, katika chuo kidogo cha wanawake mtaa wa Sulimaniyah, kitu cha kwanza nilichonyang'anywa ni ndoa yangu. Nilifika nikiwa mke wa mtu, mama wa wanne na bibi wa mmoja. Wiki ya kwanza haijaisha, kila aliyenifungulia mlango alikuwa ananiita "Miss". Wanafunzi waliivuta ile sauti kama wanaoita paka, nami nikawa nageuka. Nilipomsimulia mume wangu kwa simu, yeye yuko Unguja, alicheka, kisha akauliza ni nani hasa wanaoniita hivyo. Nikamwacha na wasiwasi wake kwa muda, maana ilikuwa siku nyingi hajapata wasiwasi wowote juu yangu.

Mwenzangu niliyechangia naye meza ofisini, mwalimu Mkenya wa kutoka Nakuru, alilikataa katakata. "Mimi siwezi itwa Miss na nimezaa mara tatu," alisema. "Hiyo ni kunipunguzia CV." Alitaka aitwe Madam, kama walimu wa kike wanavyoitwa shuleni kwao. Lakini Madam nayo ilikuwa na balaa lake, kwa sababu wasichana wa kwao wanaofanya kazi za nyumbani huko Riyadh humwita hivyo tajiri wao. Siku moja alikwenda nao sokoni Dirah, mmoja akamwita Madam kwa heshima zote, na wasichana wengine waliokuwa wakichagua vitambaa wakainamisha macho na kuanza kumkwepa. Ilibidi asimame pale pale aape kwamba hata yeye ana kafili wake, mwajiri anayemdhamini kukaa nchini.

Na barua pepe zote zilizofika chuoni zilianza kwa "Dear Sir". Chuo kizima kilikuwa na mwanamume mmoja tu, mlinzi wa getini, na kila zikifika tulimwambia ana barua zake.

Nacheka, lakini lilikuwa jambo la kazi. Mambo yamebadilika mno katika mji ule. Wanawake wanajiendeshea magari, wanakaa kwenye kaunta za benki na viwanja vya ndege, na wengi wa wanafunzi wangu walikuja kwa sababu wamepata kazi au wanaitafuta. Mtu anayekaa kaunta lazima ajue amwite nani nini, na lazima ajue yeye mwenyewe aitweje. Basi kila muhula nilikuwa na somo la vyeo hivi vya Kiingereza, na kila muhula lilinishinda.

Muhula ninaoukumbuka zaidi, darasani alikuwamo mama mmoja mjane aliyewazidi wenzake wote umri. Alizaliwa Jeddah, akaolewa Riyadh, na kila mtu alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi ya kwao na ya kwetu. Jina la huyo kijana nalihifadhi, kwa hiyo hapa tumwite mama yake Ummu Fulani, yaani mama wa fulani. Alikaa mbele, aliandika kila nilichosema, na hakuwa na subira na upuuzi.

Nikaandika ubaoni Miss, Mrs na Ms. Nikaeleza kwamba la kwanza ni la ambaye hajaolewa, la pili ni la mke wa mtu, na la tatu lilipata nguvu pale wanawake wanaosema Kiingereza walipochoka kuulizwa kama wameolewa. Ummu Fulani akainua mkono.

"Na mwanamume?"

"Mister tu."

"Akioa?"

"Mister."

"Akioa wanne?"

"Mister."

"Akiwaacha wote wanne?"

Nikamwambia atabaki kuwa Mister. Akaweka kalamu chini, akawaambia wenzake kwamba Waingereza wamewajengea wanaume neno moja kubwa la kujifichia, na wanawake wamewagawia vyumba vitatu visivyo na pazia. Darasa likaangua kicheko, na sikuweza kulirudisha kwa muda mrefu.

Nami nikafanya kosa la kujigamba. Niliwaambia kwamba kwetu tulishamaliza matatizo haya, kwamba Kiswahili kina neno Bi, ukiliweka mbele ya jina unakuwa umemheshimu mwanamke yeyote, kaolewa hakuolewa, na hakuna wa kumuuliza. Ummu Fulani akataka kujua kama mtaani kwangu naitwa Bi na jina langu. Sikuweza kumdanganya. Mtaani kwangu naitwa Mama wa huyo mtoto wangu wa kwanza, tangu siku nilipomzaa, na wapo majirani wa miaka mingi ambao ukiwauliza jina langu watakwenda kumuuliza mtu mwingine. Safari hii walinicheka mimi.

Haukupita muda mrefu Ummu Fulani akapata kazi. Ilikuwa ya mapokezi katika hoteli moja ya Jeddah, karibu na kwa dada yake, na angeanza muhula ukiisha. Wenzake walimpigia vigelegele. Lakini baada ya somo alibaki kitini akisubiri darasa litoke, kisha akaniambia kwamba hoteli imemuuliza iandike jina gani kwenye beji atakayovaa kifuani. Wamesema achague mwenyewe, na yeye hajui.

Nilidhani anataka kujua kama aandike Mrs au Ms, nikaanza kueleza upya. Akanikatiza.

"Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniita 'sikia'," alisema. "Watoto wananiita mama. Majirani wananiita kwa jina la mwanangu. Aliyekuwa akiniita jina langu ni baba yangu, na baba yangu kafa. Siku hizi jina langu nalisikia kwa daktari na kwa mashine ya benki."

Alisema alitaka kulisikia tena kabla hajafa, basi. Lakini mwanawe hataki. Nilimwona anavyolipanga shungi lake bila sababu, na ikaniuma.

Lazima niseme kidogo hapa kwa ambaye hajui. Kule wanaume wengi hawalitaji jina la mama au la mke mbele ya wanaume wengine. Vijana wa leo wanalegeza, wengine wanalicheka jambo lenyewe, lakini bado lipo. Na sisi tusijione bora. Hata kwetu wapo wazee wasiomtaja mke. Ukiwauliza hali yake hujibu "nyumbani hajambo", ukadhani wanazungumzia jengo.

Mwanawe alikuja chuoni siku chache baadaye. Mlinzi alimkalisha katika chumba cha wageni kando ya geti, akaja kunichukua. Nilimkuta kijana wa heshima, mhandisi, kanzu yake imepigwa pasi ikanyooka, anageuzageuza ufunguo wa gari mkononi. Aliniita ustadha, akaniomba radhi kwa kunisumbua, akauliza kuhusu mwanafunzi wangu bila ya kumtaja. Kisha akasema lililomleta. Alitaka nimshauri mama yake avae beji ya Ummu, na jina lake yeye lifuate.

Nilimuuliza kama nimemfahamu vizuri: jina la mama yake lifichwe, na la kwake yeye litembee hotelini kutwa nzima kwenye kifua cha bibi wa watu. Alijitahidi asicheke, akashindwa. Nami nilikuwa na mengine makali niliyoyapanga njiani, kwa kuwa ulimi sikunyimwa. Sikuyatumia, kwa sababu ya alichonieleza baada ya hapo.

Alisema walipokuwa wadogo, shuleni, jina la mama lilikuwa siri ambayo mvulana aliilinda kuliko roho yake. Aliyejulikana jina la mama yake alikwisha. Mmoja wa wenzake alilisikia la mama yake, sijui wapi, akazunguka nalo uwanja mzima akiliimba, na wengine wakamwitikia. Alipigana nao wote. Alirudi nyumbani kavunjika jino, akamwambia mama yake kaanguka kwenye ngazi, na mpaka leo mama anaamini ni ngazi. Aliniambia kwamba anajua sasa hao watoto walikuwa wajinga, na kwamba akilini mwake hana tatizo na beji. Lakini akifikiria mwanamume asiyemjua analisoma lile jina kwa sauti, anasikia uwanja ule.

Nilimwambia jambo moja tu, kwamba jina hilo mama yake alikuwa nalo kabla hajamzaa yeye. Akasema analijua hilo. Akasema pia kwamba mama akilivaa, yeye hatakanyaga katika hoteli hiyo, na alilisema kwa huzuni zaidi kuliko hasira. Nikamwona ni mtoto anayempenda mama yake na hajui pa kuuweka upendo wenyewe. Hadithi ya jino sikumpelekea mama yake, kwa kuwa si yangu.

Muhula ukaisha, Ummu Fulani akaniaga, akanipa tende za kutosha ukoo mzima, na beji hakuitaja. Nami nilijizuia kuuliza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Nilimwona tena wakati wa likizo. Nilikwenda Umra, na kabla ya kurudi Riyadh nikakaa siku chache Jeddah, mtaa wa Hindawiyah, kwa binti wa mama yangu mdogo. Alasiri moja nikachukua teksi mpaka kwenye ile hoteli. Ummu Fulani alikuwa nyuma ya kaunta, amesimama wima, na aliponiona nusura atoke kunikumbatia mbele ya foleni. Kifuani alikuwa na beji. Palikuwa na jina lake, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na mbele yake hapakuwa na kitu. Si Miss, si Mrs, si Ummu. Aliniambia anayetaka kuongeza cheo aongeze mwenyewe, yeye kachoka kuchagua.

Nikauliza habari za kijana. Akaninong'oneza nitazame kwenye kona, karibu na mlango. Alikuwa amekaa pale na kikombe cha kahawa, simu mkononi, anajifanya anaisoma. Kaapa hatakanyaga, na kila mwisho wa wiki anapanda ndege kutoka Riyadh kuja kukanyaga. Hamsalimii mama yake kwenye kaunta, hamsogelei, anakaa tu na kumchunga mpaka zamu iishe, kisha anampeleka kwa dada yake. Nilikwenda kumsalimia, akaona haya mpaka masikio.

Tukiwa bado tumekaa tunaulizana hali, aliingia mgeni mmoja wa suti, ana masanduku na ana haraka. Ummu Fulani alikuwa anamhudumia mama mwenye watoto. Yule bwana hakungoja. Alipiga vidole juu ya kaunta akaita, "Miss!" Hakujibiwa upesi, akaita tena, mara ya tatu akaongeza sauti mpaka watu wakageuka.

Kijana akainuka. Nilidhani atamchapa mtu, nikainuka naye. Alitembea mpaka kwenye kaunta, akasimama kando ya yule bwana, akamwambia kwa Kiingereza, polepole, bila ya kugomba, "Ana jina." Kisha akalitaja.

Alilitaja likasikika mpaka mlangoni. Kwetu mtoto akitaja jina la mama yake namna ile hupigwa kofi, na mimi nilikuwa karibu kupiga makofi. Yule mgeni aliisoma beji, akalirudia jina kwa adabu, akaomba radhi. Ummu Fulani alikuwa ameinama chini ya kaunta kama anayetafuta kadi za milango, na alikaa huko muda mrefu kuliko kadi yoyote inavyotafutwa. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa. Alisema "Good evening, sir" bila kosa hata moja, akamwandikisha, akampa kadi yake, akamwelekeza kwenye lifti.

Kijana alirudi kwenye kona yake bila kumtazama mtu. Mama yake akaniita kwa kidole. Nilikwenda, naye akainama juu ya kaunta, akafuta jicho kwa ncha ya shungi.

"Umemsikia?"

Nikamwambia hoteli nzima imemsikia.

"Hebu na wewe niite Miss," akaninong'oneza. "Kwa sauti, tumwone."

Basi nikarudi nyuma hatua mbili, nikaita kwa sauti ya darasani, ile inayofika mpaka viti vya mwisho. Kule kwenye kona, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameketi akaweka kikombe chini, akaanza kuinuka.