Pedi Mpya za Gari la Baba Mdogo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuliosha gari. Msomaji ambaye hakuishi Jinja miaka ile atadhani natania, kwa hiyo nieleze.

Wakati wa vita, gari zima halikuwa na mwenyewe. Likisikika linawaka tu, askari wa upande wowote uliokuwa na zamu ya kututawala alilihitaji "kidogo tu," nawe baadaye ungesikia limeonekana Gulu, au limeonekana mtoni. Basi watu wa mtaa wetu walishindana kuyaua magari yao. Jirani mmoja alipanda maboga ndani ya lake, yakatambaa mpaka yakachungulia dirishani. Mwingine alifuga kuku chini ya boneti. Baba mdogo, ndiye aliyenilea, alilipandisha lake juu ya matofali, akang'oa magurudumu na kuyaficha. Moja lilikaa chini ya kitanda changu, na harufu ya mpira wake ndiyo harufu ya ujana wangu. Lilikuwa gari la kupanda milima, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Miaka yote ya vita halikupanda hata kizingiti.

Kisha serikali ikabadilika tena, redio ikatangaza amani, na bibi akatuma salamu kutoka Wanale, kule Mbale. Sisi tuna damu ya askari waliotoka Sudani zamani, na bibi tunamwita haboba. Alikimbilia kwa binti yake wakati watu wa asili yetu walipokuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba. Alipelekwa juu ya magunia ya lori, na nyonga yake haikupona safari ile. Salamu zake zilikuwa fupi: "Nataka kufa nyumbani kwangu Jinja, na kabla sijafa nataka kuifagia. Lori sipandi. Basi sipandi. Mwanangu ana gari."

Kweli mwanawe alikuwa na gari, ila pedi za breki za mbele zilikuwa zimelika mpaka chuma. Mafundi tuliowajua walikuwa wamekimbia, wamekufa, au wamekuwa makapteni. Basi tukayarudisha magurudumu mahali pake, nami nikajitolea kubadilisha pedi. Sikuwa na cheti. Nilikuwa na kitabu kimoja cha magari, kisicho na jalada, ambacho sura yake ya breki ilikuwa imeraruliwa nusu, nadhani na mtu aliyehitaji karatasi ya kusokotea tumbaku. Nilikuwa pia na ugonjwa ambao ninao mpaka leo: jambo likibaki kasoro kidogo, silali.

Kitabu kilisema gurudumu lisafishwe kabla ya kufungua chochote. Nikalisafisha. Sasa gurudumu moja safi kwenye gari chafu liliniumiza macho, nikasafisha la pili. Baada ya hapo mlango ukaonekana mchafu kupita kiasi. Adhuhuri ilipopita gari lote lilikuwa linang'aa, kijani kama siku liliponunuliwa. Baba mdogo akarudi kutoka msikitini, akasimama langoni.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, baba."

"Mbona umeliosha kama maiti?"

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu kinamjua afande wa kizuizi cha barabarani? Lirudishe uchafu wake. Leo hii!"

Nilichanganya udongo na maji kwenye karai. Nakiri kwamba hapa nilifanya kosa la pili, tena kwa moyo wangu wote: nililipaka matope kwa brashi. Nililipaka kutoka juu kwenda chini, upande wa kushoto sawa na wa kulia, na mahali palipokuwa pazito nilipasawazisha.

Pedi tulizipata kwenye duka moja la barabara kuu, chini ya zile baraza zilizojengwa na Wahindi, ambako rafu zilibaki na bidhaa tatu tu: chumvi, pedi za breki na sanda. Baba mdogo alisema mwenye duka anaijua biashara yake, mteja akikosa kimoja atarudi kwa kingine.

Asubuhi ya safari nililegeza nati, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikalipandisha kwa jeki, nikang'oa gurudumu. Nilifungua ile kalipa, chuma kinachoikumbatia diski na kuzibana pedi, nikazitoa za zamani. Zilikuwa nyembamba kama sarafu. Kitabu kilionya kwamba pedi mpya zisiguswe na mafuta hata tone. Nikanawa mikono kwa sabuni. Nikagusa spana, nikanawa tena. Nilipoinama kunawa viwiko, mke wa baba mdogo alishindwa kuvumilia.

"Wewe kijana, breki unazitia udhu?"

"Mama, mafuta yakizigusa hazishiki."

"Haya, basi ukimaliza uziadhinie kabisa."

Nilizisukuma pistoni, vile vyuma vya ndani ya kalipa vinavyozisukuma pedi, zirudi ndani kwa kipande cha mbao, zikaingia pole pole, nikaweka pedi mpya, nikafunga upande mmoja, kisha wa pili. Nilikagua, nikafungua tena, nikakagua. Baba mdogo akachoka kungoja. Akawasha gari, akalirudisha nyuma kidogo, akakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka sakafuni bila ubishi wowote. Gari likaendelea na safari yake, likaingia kwenye rundo la kuni, likatulia.

Baba mdogo alitoa kichwa dirishani. "Hii ni breki au ni ahadi ya serikali?"

Jibu lilikuwa kwenye kurasa zilizoraruliwa. Ukishazirudisha pistoni ndani, lazima uikanyage pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu, ndipo gari litembee. Hilo niligundua kwa kujaribu tu. Nilikaa ndani nikakanyaga mpaka ikawa ngumu kama jiwe, na baada ya hapo nikaendelea kukanyaga kwa hofu tu. Tulijaribu uani, ikashika. Tukaondoka.

Amani ilikuwa imefika mijini. Barabarani bado ilikuwa inakuja kwa miguu. Kabla ya Mbale tulikuta gogo katikati ya njia na askari kijana mwenye bunduki. Baba mdogo alisimamisha gari. Breki zilishika taratibu, bila mlio wowote, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia fahari ya kazi yangu. Baba mdogo alinong'ona, "Heri zingelia hata kidogo, mwanangu."

Askari alizunguka gari. Alipitisha kidole mlangoni.

"Hii matope iko namna gani? Iko kama rangi."

"Vumbi la njiani, afande," akasema baba mdogo, katika Kiswahili kile ambacho kwa jirani zetu Wasoga kilisikika kama buti za askari.

"Vumbi inapaka sawasawa hivi? Mzee, unaficha gari. Gari iko nzuri. Shuka. Mkubwa wetu anataka gari ya kazi, utapata baadaye."

Tuliijua hiyo "baadaye." Nilimwona haboba kichwani, ameketi mlangoni Wanale na furushi lake, anaingoja injini. Baba mdogo alishuka. Askari akaingia, akakanyaga breki, akatabasamu. Nami, wallahi, sikuwa na hila yoyote. Ni ugonjwa wangu tu uliosema.

"Afande, usikanyage kwa nguvu. Pedi ni mpya, bado hazijazoea diski."

"Nani nafunga?"

"Mimi."

"Wewe fundi?"

"Hapana. Ni mara ya kwanza. Nimesoma kwenye kitabu."

"Kitabu nasema iko sawa?"

"Sura ya breki imeraruliwa, afande. Ile pini inayoshika kalipa ya kushoto niliifungua nikaifunga tena, sasa sikumbuki kama niliikaza mara ya mwisho. Na asubuhi zilikataa kabisa, tukaingia kwenye kuni. Ukiona pedali inazama, uikanyage haraka haraka. Ikiendelea kuzama, tafuta mwinuko..."

Askari aliondoa mguu kwenye pedali kama aliyekanyaga nyoka. Alimtazama baba mdogo.

"Mzee, huyu kijana yako?"

"Wa marehemu kaka yangu. Ndivyo alivyo."

"Na wewe napanda gari yake?"

"Nafanyaje, afande? Mama yangu ananingoja."

Askari alishuka. Akavuta gogo kando kwa mikono yake mwenyewe.

"Pita! Muende mkufe nyinyi peke yenu!"

Baada ya kona ya kwanza baba mdogo alisimama, akaniambia nishuke nikaikague ile pini ya kushoto. Ilikuwa imekaza.

Haboba alilipitia gari kwa macho kabla ya kukubali kupandishwa. "Chafu," alisema. "Lakini halikurukaruka lilipokuwa linasimama." Alilala Jinja usiku huo, na asubuhi aliomba ufagio, akafagia akiwa ameketi kwenye kigoda, chumba hadi chumba, akitukaripia.

Siku hizi watu wananiletea magari yao uani, nami nawafungia pedi. Bado nanawa mpaka viwiko. Kilichobadilika ni kwamba mwenye gari akiniuliza kama breki ziko sawa, namjibu ndiyo, kisha nanyamaza.