Fundi Mpaka Nione

Mpaka leo mtaani kwetu watu wanabishana kama fundi bomba yuko peponi au hayuko. Wanabishana saluni, wanabishana kwenye foleni ya kinyozi, na siku moja walikunjana mashati kabisa nje ya duka la vifaa vya ujenzi, wanaume wazima na ndevu zao. Wengine wanasema mtu mwema kama yule akikosa nafasi kule juu, basi sisi wengine tufungashe virago mapema. Wengine wanasema wema ni wema, lakini hakuamini, na mbinguni mambo hayaendi kwa huruma za mtaa. Mjane wake habishani na mtu. Ukimuuliza anakujibu, "Yuko getini," halafu anaendelea na kazi zake. Watu wanatikisa vichwa, eti msiba umemchanganya, maskini. Haukumchanganya hata kidogo. Ngojeni niwaeleze.

Marehemu, jina lake la mtaani lilikuwa Mpaka Nione, na alilipata kwa haki. Mafundi wengine ukiwaita wanakaza hapa, wanagonga pale, wanakwambia tayari mama, na kabla hawajafika kona maji yamesharudi sakafuni. Yeye la. Akimaliza kukaza kiungo cha bomba alikifuta kwa kitambaa mpaka kikakauka, akatandaza kipande cha gazeti chini yake, akafungua maji. Halafu alipindua ndoo yake ya kazi, akaikalia, akangoja. Gazeti likilowa hata tone moja, alifungua yote akaanza upya, wala haongezi bei. Mwenye nyumba anachungulia mlangoni na haraka zake, "Fundi, si limeshapona hilo?" Naye anajibu bila kugeuka, "Mpaka nione."

Na nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Mkewe akimuuliza kama mboga imekolea chumvi, alitafuna, akameza, akafikiri, ndipo akajibu. Mwanzoni mwa ndoa yao mama wa watu alikuwa anakasirika mpaka anasusa. Baadaye alizoea, na zaidi ya kuzoea akaona raha yake: mtu huyu akikwambia umependeza, umependeza kweli, nenda zako barabarani bila wasiwasi.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umwoze mwimbaji wa kwaya, mwanamke aliyekulia kanisani tangu anatambaa. Utategemea nini? Kila Jumapili fundi alimsindikiza mkewe mpaka geti la kanisa, amembebea joho lake la kwaya mkononi lisijikunje. Alimkabidhi pale, akapindua ndoo yake karibu na bomba la kunawia, akakaa. Ndani wanaimba, nje yeye anasikiliza. Bomba lile la getini alilifunga mwenyewe, na kila wiki alilipatia kosa la kurekebisha. Mchungaji alimwita mara nyingi tu, "Fundi, ingia ndani, jua kali." Yeye akajibu kwa adabu, "Asante, mchungaji. Hapa pananitosha." Mahubiri yakirefuka, mkewe alianza kuhangaika kwenye benchi lake, kwa kuwa kuna mtu wake anaungua nje.

Si kwamba alikuwa na kiburi, jamani. Hakumcheka mtu kwa kusali. Mkewe akimbana, alimwambia, "Mimi sijasema hayupo. Nasema sijaona. Siwezi kusimama mbele za watu nikasema halivuji, na maji sijafungua."

Na wema wake sasa, acha tu. Kibarua wake alipovunjika mguu, alimweka sebuleni kwake mpaka mfupa ukaunga. Mke alipika, yeye akamwogesha. Bibi wa nyumba ya nyuma, miguu ilipomkataa, ni fundi aliyekuwa akimjazia pipa lake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Bibi naye alimshukuru kwa namna yake.

"We mpagani, umekuja?"

"Nimekuja, bibi."

"Mungu akusamehe."

"Pipa limejaa, bibi."

Basi wakaishi hivyo, watoto wakakua wakaoa na kuolewa, mpaka tumbo la fundi lilipoanza kumsumbua. Kwanza alikataa kwamba anaumwa, maana hata maumivu aliyapima kabla ya kuyaamini. Alipokubali kwenda hospitali, daktari alikuta uvimbe. Akasema lazima upasuaji, na hakuficha: hali ni ya hatari, wajiandae.

Mkewe alijiandaa, lakini si kwa jambo lile watu walilodhani. Kifo hakikumtisha sana. Alishazika wazazi, alishazika dada. Kilichomkosesha raha ni baada ya kifo. Tangu utotoni aliamini kwamba ipo siku atafika mahali pazuri, na humo ndani atawakuta wapendwa wake wote. Sasa kila akiiwazia siku hiyo anamwona mama yake, anamwona dada yake, anatazama huku na huku, fundi hayupo. Pepo gani hiyo? Aliingiwa na hofu kwa kuwaza hivyo, akatubu, kisha akawaza tena.

Alikwenda kwa mchungaji kumuuliza kinaga ubaga. "Mchungaji, mume wangu unamjua. Wema wote ule hautoshi?"

Mchungaji alikuwa mtu wa kweli naye, si wa kumpaka mtu mafuta. Akasema, "Mama, ningekuwa na neno jepesi ningekupa. Wema haununui nafasi kule. Mlango ni mmoja, ni kuamini. Mwombe aamini, bado ana muda."

Alipowasimulia akina mama wa kwaya, wakagawanyika pale pale. Mmoja akasema mchungaji amenena, la sivyo sisi tunaamka asubuhi kusali kwa faida gani? Bibi wa nyumba ya nyuma, aliyekuwa ameletwa kwa kiti cha magurudumu, akadakia: "Mimi nikifika huko nikute yule aliyeniibia kuku zangu ameingia kwa kutubu dakika ya mwisho, na mpagani wangu wa pipa yuko nje, nitauliza maswali. Nitauliza kwa sauti!" Wakacheka mpaka machozi. Mke wa fundi alicheka nao, lakini machozi yake yalikawia kukauka.

Jioni fundi alipolazwa, mkewe alimshika mkono kitandani. "Fundi wangu, sema tu neno. Sema unaamini. Fanya kwa ajili yangu."

Fundi akafikiri, kama kawaida yake. "Nikisema kwa ajili yako, nitakuwa nimekwambia wewe, sijamwambia Yeye. Na kama yupo, ninyi wenyewe mnasema anaona mpaka ndani ya bomba. Si ataona limeoza?"

"Kichwa kigumu wewe!"

"Ndicho ulichoolewa nacho."

Jumapili iliyofuata mkewe alikwenda kanisani peke yake, joho amelibeba mwenyewe. Getini hapakuwa na ndoo. Alipita pale, akaingia, akaimba bila kujisikia. Kabla ya mahubiri mchungaji akamuuliza mbele ya wote, "Mama, mgonjwa wetu vipi? Kesho ndiyo upasuaji, sivyo?"

Alikusudia kusema anaendelea hivyo hivyo, tumwombee. Lakini mdomo huponza kichwa. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ameokoka. Jana jioni ameokoka."

Ehee! Kanisa lililipuka. Vigelegele, makofi, watu wakakumbatiana, kwaya ikaanza wimbo kabla kinanda hakijawaka. Bibi wa nyumba ya nyuma alilia kwa sauti, "Mpagani wangu! Mpagani wangu!" Ukiiona furaha ya namna hiyo utaanzia wapi kuirudisha? Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagika kanisa zima. Mke wa fundi alisimama katikati yao anatabasamu kwa shingo upande, na moyoni anasema, Bwana, hesabu kama ni kweli. Hesabu tu, utanilaumu mimi.

Balaa ni kwamba wakaamua kwenda kumpongeza. Saa za kutazama wagonjwa hazijafika sawasawa, wao wako mlangoni mwa wodi na majoho yao. Nesi akawazuia, wakamwimbia, akashindwa. Wakakizunguka kitanda. Mchungaji akainama, uso unang'aa, akamshika fundi bega.

"Ndugu yangu, karibu nyumbani. Mama ametuambia. Ni kweli?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alitazama viatu vyake. Alitamani sakafu ipasuke immeze, maana alijua jibu: mtu huyu hajawahi kusema neno asilolijaribu, na sasa atasema hapana, na yeye ataitwa mwongo mbele ya watu aliowaimbia maisha yake yote.  Fundi akachukua muda wake.

"Mke wangu amesema ndiyo?"

"Amesema."

"Basi ndiyo," akasema fundi, akageuza uso ukutani.

Wakashangilia, wakaomba, wakatoka wanaimba. Waliobaki ni wawili. Mkewe akangoja amgombeze, hakumgombeza. Fundi akasema taratibu, bado anatazama ukuta, "Mama, miaka yote nimejitahidi nisiwe na uongo hata mmoja. Kama kweli kuna mtu anakagua mlangoni, nilitaka angalau anikute na hilo. Sasa umenipakia mmoja, na safari ni kesho."

Hapo ndipo mke wa fundi alipouona ubaya wa alichofanya. Alitaka kumwingiza peponi, akamnyang'anya kile kimoja alichokuwa nacho cha kwenda nacho. Na yeye alikitoa bila kusita, ili mkewe asiaibike. Alilia kwa uchungu mpaka nesi akaja kuuliza kama mgonjwa amekata roho.

Akapiga moyo konde. Akatoka mbio, kanga inamteleza, akawakuta nje ya hospitali wanapeana mikono ya kuagana. Hakumvuta mchungaji pembeni. Alisema pale pale, kwaya nzima inasikia.

"Nimewadanganya. Hakuokoka. Alichosema kule ndani amesema kunifichia aibu mimi. Uongo ni wangu, yeye msimhesabie."

 Mama mmoja akaguna.  Mchungaji alimshika mkono, wakarudi wodini wote wawili. Akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

"Fundi, lile neno lako la leo nakurudishia. Sikulipokea."

Fundi akavuta pumzi. "Asante, mchungaji. Lilikuwa linanikaba." Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi ni wa nje?"

"Nikikwambia uko ndani, nitakuwa nataka kukufurahisha tu, na wewe utanijua mara moja. Ninachoamini unakijua, na siwezi kukibadilisha kwa kuwa nakupenda. Lakini hukumu si yangu, ndugu yangu. Leo ndiyo siku nimeshukuru kuliko zote kwamba si yangu."

Macho ya mchungaji yalikuwa yamejaa machozi. Fundi akampa mkono, wakashikana kwa nguvu, mchungaji akaondoka bila kuomba kwa sauti. Nadhani aliomba huko njiani.

Jua lilikuwa bado dirishani. Mke wa fundi alimnyanyua mumewe, akamgeuzia mto, akalaza kichwa ubavuni mwake palipokuwa hapaumi. Hakumwomba tena aseme kitu. Alikuwa amewaza kitu kingine alipokuwa anarudi kwenye ile korido ndefu ya hospitali.

"Fundi. Ukifika kabla yangu, nisikilize. Wakikukaribisha, ingia. Wakikukataza, usigombane nao."

"Sasa niende wapi?"

"Usiende popote. Kaa hapo hapo getini uningoje. Nikifika nitaingia, nitawasalimia mama na dada, nitaimba nyimbo zangu, halafu nitatoka nije nikutazame. Kama hawataki uingie, nitakuwa nakuja. Unaweza kuniahidi?"

Fundi akatazama dari. Mkewe akajua anafikiri, akamwacha, maana hata saa ile hakutaka ahadi ya haraka haraka. Akakumbuka Jumapili zote zile, mvua na jua, na mtu wake amekaa juu ya ndoo.

"Hilo naweza," akasema fundi mwishowe. "Hilo nimeshalijaribu, najua halivuji."

Akacheka, tumbo likamuuma, akaacha. Mkewe akamwambia, "Sitakawia kutoka."

"Hapana," akasema fundi. "Usiharakishe kwa ajili yangu. Imba mpaka umalize."

Asubuhi walimsukuma kwenda kwenye upasuaji, na hakurudi.