Ngoro Kwenye Simu

Mama yangu alitaka jambo moja tu kwenye jubilei ya ndoa yake: isomwe mbele ya watu kwamba alitoka Lipingo, ziwani, akapanda milima kwa miguu yake na kumchagua baba mwenyewe. Maisha yetu yote tumesikia hadithi ya baba, ambamo yeye ndiye aliyeshuka Nyasa, akamwona msichana anaanika usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, akarudi naye Umatengoni kama mtu aliyenunua redio. Mama huisikiliza huku anachambua maharage. Safari hii alimwambia baba kwamba zamu ni yake. Baba akakubali kwa kukohoa.

Basi mama akanikalisha jikoni, akanisimulia, nami nikachapa kwenye simu neno kwa neno.

"Usiipambe," alisema. "Soma nilivyosema."

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi: kunyoosha sentensi chache ili zisomeke vizuri. Mtu mwingine angezinyoosha jioni ile ile. Mimi nimesoma chuo kikuu, kwa hiyo nilianza kuandaa mazingira ya kuzinyooshea.

Programu ninayoandikia ilikuwa imejaa vitufe hadi ukingoni mwa kioo. Niliona si heshima kumwandika mama mahali penye vurugu namna ile. Nikaondoa rangi. Nikaondoa kalenda, ambayo ilikuwa na tabia ya kunikumbusha mambo. Nikabadilisha aina ya herufi mara kadhaa, kisha nikarudi kwenye ile ya mwanzo nikiwa na hakika kwamba sasa imependeza zaidi. Dada yangu, anayeishi jirani na wazazi, alikuwa akinipigia simu nikiwa hapa Mbinga mjini.

"Kaka, imefikia wapi?"

"Natengeneza nafasi."

"Nafasi ya nini? Turubai limeshakodiwa, mbuzi yuko kwenye kamba, wewe unatengeneza nafasi?"

Wazo lililonimaliza nililipata shambani kwa baba, nilipokwenda kuwasalimu. Sisi Wamatengo tunalima ngoro. Unafyeka nyasi, unazilaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko wote unakuwa miraba, kisha unachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo. Mashimo yanashika maji ya mvua, nyasi zinaozea ndani ya matuta, maharage yanakubali. Nikasimama pale nikajiambia kwamba wazee walishamaliza tatizo langu.

Nikalima ngoro kwenye simu. Ukurasa wa mbele nikaugawa miraba. Maandishi yote ya zamani nikayasukumia kwenye jalada lililofichwa, yaoze huko taratibu na kurutubisha mapya. Mwishoni niliondoa hata kitufe cha kutafuta, kwa sababu shamba halina kitufe. Nikamwonyesha mke wangu ile miraba myeupe, mitulivu.

"Inapendeza," alisema. "Sasa unaandika wapi?"

Nilimwona hajui kilimo.

Siku yenyewe ilifika. Tulitoka kanisani, tukala, mshereheshaji akaniita. Mama alikuwa amekaa mbele na kitenge kipya, mikono mapajani, ananitazama kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Nikafungua simu. Mraba wa kwanza mtupu. Wa pili mtupu. Nikagusa yote hadi chini ya mteremko. Simulizi ya mama niliichapa kabla ya kulima, kwa hiyo ilikuwa miongoni mwa nyasi zilizofukiwa, na kitufe cha kuitafuta nilishakiondoa.

Mdomo haukungoja akili. Ulitoa kile ulichokizoea: "Baba yetu alishuka Nyasa, akamwona msichana anaanika usipa..."

Mama aliinamisha uso, akaanza kunyoosha kitenge ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Wewe kijana," baba aliniita kutoka kwenye kiti chake. Nina mvi, lakini niliitika. "Hiyo ni ya kwangu. Soma ya mama yako."

"Nimeifukia, Baba."

"Umeifukia?"

"Kwenye simu."

Watu walicheka, dada yangu akicheka kuwashinda wote. Baba alisimama polepole, akaja kunipokonya kipaza sauti.

"Mimi sikushuka popote," alisema. "Nilikuwa nachimba ngoro. Huyu alipita na shangazi yake, wana vikapu vya usipa. Akasimama kando ya shamba, akaniambia mistari yangu imepinda."

"Ilipinda," alisema mama, bado ameinama.

"Ilipinda. Wakaenda kuuza, wakarudi kwao. Nikajua yamekwisha. Halafu siku moja namwona anapanda tena, peke yake, na safari hiyo hana samaki."

Hapo mama aliinua uso.

"Nilikuwa nao," alisema. Mshereheshaji alimsogezea kipaza sauti cha pili, naye akakishika kama mwiko, akamgeukia baba. "Nilikuwa nao, ila si wa kuuza. Nilimletea mama yako."